Risiva au Boksi Moja? Mjadala wa Sauti ya Sebuleni

Kadiri televisheni zinavyozidi kuwa nyembamba, ndivyo sauti yake inavyozidi kukosa mahali pa kukaa. Spika hufanya kazi kwa koni inayosukuma hewa, na koni huhitaji ukubwa pamoja na kasha lenye nafasi nyuma yake. Ndani ya kioo chenye unene wa vidole viwili au vitatu hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Watengenezaji huweka vispika vidogo vinavyotazama chini au nyuma, sauti ikagonga meza au ukuta kabla ya kumfikia mtazamaji. Matokeo yake yanajulikana katika nyumba nyingi: mlipuko unashtua watoto, muziki unapiga kelele, lakini maneno ya waigizaji hayasikiki mpaka mtu ashike rimoti mkononi filamu nzima.

Hapo ndipo safari ya Kariakoo huanza, na hapo ndipo ushauri hugongana. Mjadala huu unakutanisha sauti nne ambazo mnunuzi wa Dar es Salaam huzisikia kwa nyakati tofauti, na mara chache sana kwa pamoja: Muuzaji wa duka la vifaa vya umeme, Fundi redio, Mhandisi wa sauti ambaye ni binti anayefanya kazi studio, na Mama, mwenye sebule na mwenye pesa. Wanaitwa kwa kazi zao kwa sababu kila mmoja anabeba hoja za wengi.

Mada ni hii: mtu mwenye bajeti ndogo anunue seti kamili ya sinema ya nyumbani iliyofungwa kwenye boksi moja, au ajenge mfumo wake kwa risiva, yaani amplifaya inayogawa sauti kwa kila spika, na spika anazonunua taratibu? Mfano uliowekwa mezani ni sebule ya mita nne kwa tano, kuta za matofali ya saruji, sakafu ya marumaru, makochi yaliyopangwa kando ya kuta tatu, na shilingi milioni moja na nusu. Familia hutazama taarifa ya habari, tamthilia, mpira na filamu.

Hoja ya boksi moja

Muuzaji anafungua. "Mama yangu, mteja anayeingia dukani hataki kufundishwa fizikia. Anataka afike nyumbani, achomeke, asikie. Boksi moja lina mashine, spika tano, sabufa, nyaya na rimoti. Rangi ya waya inalingana na rangi ya tundu. Mtoto wa shule ya msingi anaifunga. Risiva je? Unalipa pesa nzito kwa mashine isiyotoa mlio wowote peke yake. Kisha unarudi mjini kutafuta spika, unanunua waya kwa mita, halafu unamwita Fundi naye umlipe."

Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Seti za boksi moja ndizo zilizoleta sauti ya kuzunguka katika nyumba za kawaida duniani. DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka uliofuata, iliingia nyumbani na sauti ya 5.1: chaneli tatu za mbele, mbili za pembeni au nyuma, na moja ya besi. Kampuni kubwa zikafunga kicheza DVD, amplifaya na spika zote pamoja. DAV-TZ140 ya Sony, iliyoandikwa wati 300 kwa spika zote sita, ni mfano mzuri wa aina hiyo: mashine ndogo, ya kweli, inayosoma Dolby Digital na kugawa chaneli kama filamu ilivyorekodiwa. Kwa mpangaji wa chumba na sebule anayehama mara kwa mara, ni vigumu kumwambia amekosea kuichagua.

Fundi anamsalimia Mama shikamoo, anapokea marahaba, ndipo anamgeukia Muuzaji. "Kaka, siku ya kwanza sina ugomvi na seti yako. Nina ugomvi na siku inapokufa. Kicheza DVD, amplifaya na sehemu ya umeme vimebanana ndani ya kasha moja. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, ikaungua bodi, spika sita zinabaki mapambo. Nyingi zina omu 3 au 4 na plagi za kampuni yenyewe. Risiva nyingi za bei ndogo zinataka spika za omu 6 hadi 8. Ukilazimisha, unachemsha risiva mpaka ijizime."

"Risiva na spika za kawaida," anaendelea, "zinaungana kwa waya mbili, chanya na hasi, bila plagi ya mwenye kampuni. Spika nzuri ya mwaka 1985 inapiga kwenye risiva ya leo. Mashine ikifa, spika zinabaki hai. Spika ikipasuka, unabadilisha hiyo moja. Kwa mwenye pesa ndogo huo ndio uchumi wenyewe, kwa sababu hatapata milioni moja na nusu nyingine mwakani."

Muuzaji anakubali nusu. Anasema wateja wake wengi hawafikirii mwaka wa tano. Wanafikiria sikukuu inayokuja. Mama anamjibu kwa upole kwamba yeye anafikiria vyote viwili, maana televisheni anayoitumia ameilipia kwa mchezo wa kijumbe na hana hamu ya kurudia.

Vita ya wati

Katika duka lolote la sabufa, namba ndiyo inayopiga kelele kabla ya spika. Boksi limeandikwa PMPO wati 10,000, jingine 15,000, jingine zaidi. Muuzaji anasema wazi kwamba mteja huanza kwa kuuliza, "Ina wati ngapi?" na mwenye namba ndogo hufungasha vitu vyake.

Mhandisi anaomba ruhusa ya kusema kwa kirefu. "Soketi ya ukutani kwetu ni ya ampea 13 na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: unapata kama wati 3,000, basi. Birika la umeme linalochemsha maji kwa dakika chache linakula wati 2,000 hivi. Sabufa ya wati 10,000 ingekula umeme wa mabirika matano kwa pamoja, na fyuzi ingekatika kabla wimbo haujaanza. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma. Kama kinasema inatumia wati 60, haiwezi kutoa wati 61 mfululizo, seuze elfu kumi. Nguvu haitoki hewani."

PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila mtengenezaji anaweza kuhesabu kilele cha kufikirika cha sehemu ndogo ya sekunde na kukiandika kwa wino mwekundu. Kipimo cha kutegemea ni wati za mfululizo, zile zinazoandikwa RMS, na hata hizo zinahitaji maelezo: kwa omu ngapi, kwa masafa gani, kwa uchafuzi wa sauti asilimia ngapi, na kwa chaneli ngapi zinazopiga pamoja. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliweka kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya mwaka 1974 kwa sababu ya ulaghai wa aina hii hii, na mwaka 2024 ikaikaza upya.

Mhandisi anatoa mfano wa RX-V385 ya Yamaha, risiva ya chaneli 5.1 ya daraja la chini katika orodha ya kampuni hiyo. Karatasi yake ya vipimo inataja wati 70 kwa omu 6, chaneli mbili zikipiga pamoja, katika masafa yote ya kusikika kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Karatasi hiyo hiyo inataja pia wati 135, lakini kwa chaneli moja, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, na kwa uchafuzi wa asilimia 10. Mashine ni ile ile. Namba ya kwanza ndiyo inayomsaidia mnunuzi. Ya pili inapendeza zaidi kwenye tangazo.

"Sasa wati 70 zatosha, mwanangu?" Mama anauliza.

"Zinabaki, mama. Tuchukue spika ya kawaida ya rafu kama SS-CS5 ya Sony. Inatoa kama desibeli 87 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja. Ipe wati 10, unapata 97. Rudi nyuma mpaka kochi lililo mita tatu, unapoteza kama desibeli tisa na nusu, na chumba kinakurudishia kiasi. Kwa hiyo umekaa kwenye sauti ya desibeli 87 au zaidi, ambayo ni kali, na hujamaliza wati 10. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lako liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji nguvu mara kumi."

Kwa hesabu hiyo swali la dukani linabadilika. Spika yenye desibeli 90 kwa wati moja, ikiwekwa badala ya yenye 87, ni sawa na kununua amplifaya yenye nguvu maradufu. Namba hiyo huandikwa nyuma ya spika au kwenye karatasi yake, kwa maandishi madogo, na ndiyo ambayo karibu hakuna mteja anayeiulizia.

Maneno kwanza

Mama anarudisha mjadala nyumbani. "Nyote mnasema wati na mdundo. Mimi nataka nisikie anachosema mtu. Taarifa ya habari nisikie. Tamthilia nisikie. Baba watoto amekaa kochi la pembeni, naye asikie."

Fundi anaona jibu ni rahisi: spika mbili nzuri mbele, za kasha la mbao, basi. Kwa maoni yake sehemu kubwa ya kinachotazamwa katika sebule za Dar ni sauti ya chaneli mbili. Filamu nyingi za Kibongo hutoka hivyo. Zile za kigeni zenye sauti ya msimuliaji wa Kiswahili juu yake, utamaduni uliojengwa na watu kama marehemu Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, aghalabu hurekodiwa kwa chaneli mbili, msimuliaji akiwa katikati na filamu yenyewe imezama chini yake. "Spika tatu za ziada zitapiga nini?" anauliza. "Bora pesa yote iingie kwenye mbili."

Mhandisi anapinga, na hapa hoja yake inatokana na makochi. Spika mbili hutengeneza msemaji wa kufikirika katikati ya kioo, lakini kwa aliyekaa katikati tu. Anayekaa kochi la kushoto hufikiwa kwanza na spika ya kushoto. Sauti husafiri mita moja kwa karibu milisekunde tatu, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuvuta maneno yote upande wake. Katika sebule ambayo makochi yamepangwa kuta tatu, zaidi ya nusu ya familia imekaa mahali pabaya. Spika ya katikati huyashikilia maneno kwenye kioo kwa kila mtu, na ndiyo maana majumba ya sinema yaliiweka mapema. Walt Disney alipoonyesha Fantasia mwaka 1940 kwa mfumo wa Fantasound, nyuma ya pazia kulikuwa na spika za kushoto, katikati na kulia. Miaka 52 baadaye Batman Returns ilipotoka na Dolby Digital, mwaka 1992, mpangilio wa mbele ulibaki ule ule.

Tena, anasema, risiva haihitaji filamu iliyorekodiwa kwa chaneli 5.1 ili kuitumia spika ya katikati. Tangu Dolby Pro Logic ya mwaka 1987, mashine za nyumbani zinaweza kusikiliza chaneli mbili, zikatambua kile kinachofanana pande zote, nacho ndicho msemaji, zikakipeleka katikati. Msimuliaji wa Kiswahili anakaa hapo hasa. Ukiongeza kidogo sauti ya spika hiyo peke yake kwenye menyu ya risiva, desibeli mbili au tatu, maneno yanatoka juu ya muziki bila kuamsha nyumba. Seti nyingi za sabufa zenye spika mbili ndogo haziwezi kufanya hivyo, kwa sababu kitufe kilichopo ni cha besi na sauti ya jumla.

Fundi anashikilia kwamba spika mbaya ya katikati ni hasara kuliko kutokuwa nayo, na hapo wanakubaliana. Spika tatu za mbele zinapaswa kuwa za ukoo mmoja, kampuni moja na mfululizo mmoja ikiwezekana, ili gari linapokatiza kwenye kioo lisibadilike mlio njiani.

Je, spika za nyuma? Filamu za mtandaoni zinazifanyia kazi: Netflix hutoa 5.1 katika filamu nyingi, ingawa Dolby Atmos, yenye sauti za juu ya kichwa, imewekwa kwenye kifurushi cha bei kubwa tu. Mpangilio unaopendekezwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano huweka spika za mbele nyuzi 30 kila upande wa katikati, na zile za kuzunguka kati ya nyuzi 100 na 120, yaani pembeni na nyuma kidogo ya masikio. Katika sebule ambayo kochi limeegemea ukuta, zinafungwa ukutani, juu kidogo ya kichwa cha aliyekaa. Wengi huzirundika zote mbele ya televisheni kando ya sabufa, na hapo zinaacha kuwa spika za kuzunguka.

Muuzaji naye analeta onyo ambalo wenzake wanalipokea kwa heshima. Anakiri kwamba sokoni kuna mashine zilizoandikwa 5.1 ambazo hazigawi chochote: zinapokea waya mwekundu na mweupe au bluetooth, ambazo zote hubeba chaneli mbili, kisha zinarudia sauti ile ile kwenye spika tano. "Anayetaka 5.1 ya kweli," anasema, "aangalie nembo ya Dolby au DTS kwenye mashine yenyewe, na aangalie kama kuna tundu la HDMI au la optiko. Kama havipo, ananunua spika nyingi, hanunui sauti ya kuzunguka."

Jirani anaomba nafasi

Sauti ya tano haikualikwa, lakini inahusika. "Jirani zangu," inasema, "mimi filamu yenu siioni. Mdundo wake ninao kitandani."

Mhandisi anaeleza kwa nini. Mlio wa hezi 50 una wimbi la urefu wa karibu mita saba, refu kuliko sebule yenyewe. Ukuta wa matofali unazuia sauti ya mtu vizuri. Wimbi kama hilo hupita kwa kuutikisa ukuta wenyewe. Kanuni za Tanzania za 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinataja kelele na mitetemo pamoja, na kwa nyumba za kupanga zinazoshirikiana ukuta, mtetemo ndio unaovunja ujirani.

Hapa risiva inaonyesha faida ambayo haimo kwenye tangazo. Ina mpaka wa besi: chini ya hezi 80 kila kitu kinapelekwa kwenye sabufa, juu ya hapo kinabaki kwenye spika nyingine, na kiasi cha sabufa kinawekwa kwa desibeli. Nyingi zina hali ya usiku inayopunguza milipuko na kuinua maneno. Na kwa kuwa sikio halitambui vizuri sauti ya chini ya hezi 80 inatoka upande gani, sabufa haina lazima ya kukaa chini ya televisheni. Mhandisi anapendekeza iondolewe kwenye kona na kwenye ukuta wa jirani, iwekwe juu ya kipande cha mpira mnene, tena karibu na kochi ili ipige kidogo na bado isikike. Mahali pazuri hupatikana kwa kuiweka sabufa kwenye kochi, kupiga muziki wenye besi, kisha kutembea chumbani ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi na sawa, ndipo ikae.

Jambo la marumaru linaingia hapa hapa. Sakafu ngumu, kuta tupu na madirisha ya vioo hurudisha sauti za juu mara nyingi, na maneno yanachanganyika na mwangwi wake. Zulia zito kati ya kochi na televisheni pamoja na mapazia mazito yanasafisha mazungumzo kuliko kupanda daraja moja la risiva. Mama anauliza kwa nini hakuna duka lililowahi kumwambia hivyo. Muuzaji anakiri kwamba yeye hauzi mazulia.

Mpya au mtumba

Milioni moja na nusu haitoshi risiva mpya na spika mpya sita za heshima. Fundi anasema hilo bila kuzunguka, na anatetea vifaa vilivyotumika kwa masharti.

Sharti la kwanza ni umeme. Risiva nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zimeandikwa volti 120, hezi 60. Ikichomekwa kwenye volti 230 za TANESCO bila transfoma ya kushusha, inaungua papo hapo, na mizigo ya ndugu walioko ughaibuni imeleta mashine nyingi za namna hiyo. Kibandiko kinasomwa kabla ya bei kutajwa. Stebilaiza si anasa kwa mashine inayotegemewa miaka kumi, na huhesabiwa ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Sharti la pili ni matundu. Risiva ya zamani inaweza kushindwa kupitisha picha ya 4K, na wauzaji hutumia hilo kuitupilia mbali. Fundi anaonyesha njia: picha ibaki kwenye televisheni. King'amuzi na vifaa vingine vichomekwe kwenye televisheni, kisha sauti peke yake irudi kwenye risiva kwa HDMI yenye ARC, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, au kwa kebo ya optiko. Zote mbili hubeba Dolby Digital ya 5.1. Lakini kwenye menyu ya sauti ya televisheni, chaguo la PCM libadilishwe kuwa la Dolby au bitistrimu; likibaki PCM, zinafika chaneli mbili tu, na watu wengi wamelaumu risiva kwa kosa la menyu.

Sharti la tatu ni ukingo wa koni. Spika nyingi za zamani zilifungwa ukingo wa sponji, na hewa ya pwani yenye unyevu huimomonyoa sponji mpaka inakatika kwa kuguswa. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Toa kitambaa cha mbele, gusa taratibu. Kisha chukua betri moja ya rimoti ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi kwa nukta moja: koni ya wufa itoke mbele. Ikirudi ndani, kuna aliyewahi kuifungua na kugeuza waya. Spika moja iliyogeuzwa hufuta besi ya mwenzake, na mwenye nyumba hubaki akiongeza sauti bila kujua kinachomsumbua.

Mhandisi anaongeza la nne: maikrofoni ndogo ya kupimia. Risiva nyingi hata za bei ndogo zina programu ya kujipima, kama YPAO ya Yamaha au Audyssey inayowekwa kwenye Denon, inayosikiliza kila spika na kupanga umbali na kiwango chake. Maikrofoni hiyo hupotea mara ya kwanza mashine inapobadili mikono. Bila hiyo kazi inafanyika kwa tepu na masikio, na bei ishuke kwa sababu hiyo.

Pesa inavyogawanywa

Baada ya hoja zote, msimamo wa makala haya ni kwamba Mama ajenge kwa risiva, aanze na spika tatu za mbele. Karibu nusu ya pesa iende kwenye spika hizo, kwa sababu ndizo zitakazobaki nyumbani muda mrefu kuliko kitu kingine chochote katika orodha. Theluthi moja iende kwenye risiva iliyotumika, ya volti 230, yenye HDMI na nembo za Dolby na DTS. Kinachobaki kinunue stebilaiza, zulia, na waya wa shaba halisi wa milimita 1.5 za mraba. Ukikwangua waya wa bei rahisi na kukuta weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Sabufa na spika za nyuma zije baadaye, na risiva itakuwa inazisubiri na matundu yake wazi.

Muuzaji anapinga kwamba sebule bila sabufa si sinema. Fundi anataka sabufa iwe ya kwanza kuongezwa. Mhandisi anataka spika za nyuma zitangulie, kwa heshima ya Jirani. Hawakubaliani, na si lazima wakubaliane leo, kwa kuwa mfumo wenyewe unaruhusu yeyote kati ya hivyo kuja kwanza. Seti ya boksi moja inabaki na haki yake kwa anayehitaji sauti safi ya chumba kidogo na hana mpango wa kuongeza, mradi wati zilizoandikwa ziwe za mfululizo na 5.1 iwe ya kweli.

Jambo moja wote wanne wanalidai kwa sauti moja, na linastahili kusikika mpaka kwa wanaosimamia viwango: namba ya PMPO iondolewe kwenye maboksi, na badala yake ziandikwe wati za mfululizo, omu, na umeme unaotumika, kwa Kiswahili. Familia inayoweka akiba miezi mingi ili isikie vizuri ina haki ya kujua inalipia nini.

Kwa sasa Mama anakwenda dukani na flashi yake mwenyewe. Ndani ameweka dakika chache za taarifa ya habari, tamthilia anayoijua, na filamu moja yenye msimuliaji. Ataomba besi irudishwe katikati, sauti iwe ya kawaida ya nyumbani, na atasimama pembeni ya spika, pale ambapo kochi la baba watoto lingekaa, asikilize kama kila neno linafika.